Sheria ya Kiingereza ndani ya mkataba wa meli: imejengwa juu ya nini?

Swali: Msomaji wetu wa Mombasa, anayefanya kazi katika ofisi ya wakala wa meli, ameandika: "Karibu kila mkataba wa kukodi meli unaopita mezani kwangu una kifungu kinachosema kwamba mkataba huo utatawaliwa na sheria ya England na Wales. Nimetafuta kitabu kimoja chenye sheria hiyo nikisome, nimekikosa. Imejengwa juu ya nini, matawi yake makuu ni yapi, na kwa nini Wales inatajwa ilhali Scotland haitajwi?"

Jibu: Ndugu msomaji, kitabu hicho umekikosa kwa sababu hakijawahi kuwapo. Ufaransa ina mkusanyo wake wa sheria za madai wa mwaka 1804, na Ujerumani ina wake ulioanza kutumika mwaka 1900, na mwanasheria wa nchi hizo anapopata swali la mkataba huanza kwa kufungua kifungu. Sheria ya Kiingereza haikukusanywa kwa namna hiyo. Sehemu yake moja imo katika sheria zilizotungwa na Bunge, na sehemu nyingine imo katika hukumu za majaji zilizoandikwa na kuhifadhiwa kwa karne nyingi. Na kwa jambo kama mkataba wako wa meli, kanuni nyingi za msingi zimo katika hukumu. Jambo la kwanza la kushika, basi, ni kwamba katika mfumo huu jaji haitumii sheria tu, bali hukumu yake yenyewe ni chanzo cha sheria. Nitakaa hapo kwa muda mrefu kuliko penginepo, kwa kuwa wengi wanaoanza kusoma sheria hii hulipita jambo hilo haraka, kisha hujikuta wakikariri matawi bila kujua shina lake.

Nianze na suala la mipaka, ambalo ni fupi. Uingereza ni dola moja yenye mifumo mitatu ya sheria: England na Wales wana mfumo mmoja, Scotland ina wake, na Ireland ya Kaskazini ina wake. Wales iliingizwa katika mfumo wa England kwa sheria za enzi ya Mfalme Henry wa Nane, katika karne ya 16. Scotland iliungana na England mwaka 1707 kwa makubaliano yaliyohifadhi sheria zake na mahakama zake. Siku hizi Wales ina Bunge lake mjini Cardiff linalotunga sheria katika mambo kama afya na elimu, lakini mahakama bado ni zilezile. Ndiyo maana kifungu chako kinataja England na Wales pamoja na kuiacha Scotland.

Mwanzo wa mfumo wenyewe huhesabiwa tangu baada ya mwaka 1066, William wa Normandy alipoiteka England. Wakati huo mashauri mengi yaliamuliwa katika mabaraza ya wilaya na ya mabwana wa ardhi, kila moja kwa desturi ya mahali pake. Wafalme waliofuata, na hasa Henry wa Pili aliyetawala kuanzia mwaka 1154 hadi 1189, waliwatuma majaji wao kuzunguka nchini kusikiliza mashauri kwa niaba ya taji, yaani mfalme na dola yake. Majaji hao walirudi Westminster, wakajuana kwa maamuzi yao, na polepole uamuzi uliotolewa upande mmoja wa nchi ukawa unafuatwa upande mwingine. Sheria hiyo moja ya ufalme mzima, iliyokua mikononi mwa majaji, ndiyo inayoitwa komoni loo.

Kulikuwa na sharti lililoiumba sheria hiyo kwa namna ambayo bado inaonekana. Mtu aliyetaka kufungua shauri katika mahakama za mfalme alipaswa kwanza kununua hati katika ofisi ya mfalme, na kila hati ilikuwa na muundo wake: ya kudai ardhi, ya kudai deni, ya kulalamikia kupigwa au kuingiliwa katika mali. Ambaye malalamiko yake hayakuingia katika hati yoyote hakuwa na shauri. Kwa hiyo Waingereza hawakuanza kwa kutangaza haki za watu na kisha kutafuta njia ya kuzilinda. Njia ya kudai ilikuwapo kwanza, na haki ikatambuliwa kwa kadiri njia hiyo ilivyoruhusu. Hati hizo zilifutwa katika karne ya 19, lakini hadi leo wakili wa Kiingereza anapoletewa tatizo hutaka kujua kwanza kabisa kwamba mteja wake anadai kwa msingi upi na anataka mahakama impe nini.

Sasa tuje kwenye hukumu kama chanzo cha sheria. Kanuni yenyewe ni kwamba mahakama hulazimika kufuata uamuzi wa mahakama iliyo juu yake pale jambo la kisheria linapokuwa lilelile. Juu kabisa ipo Mahakama ya Juu, iliyoanza kazi Oktoba 2009 na kuchukua nafasi ya majaji waliokuwa wakikaa katika Baraza la Malodi. Chini yake ipo Mahakama ya Rufaa, kisha Mahakama Kuu, kisha mahakama za ngazi za chini. Malodi wenyewe walijiona wamefungwa na hukumu zao za nyuma hadi mwaka 1966, walipotangaza kwamba wangeweza kuziacha pale ambapo haki inawataka wafanye hivyo. Hata hivyo si kila neno la jaji linalofunga. Kinachofunga ni sababu ya kisheria ambayo bila hiyo uamuzi usingefikiwa, na yaliyobaki ni maneno ya kando, ambayo yanaweza kuheshimiwa lakini hayalazimishi. Kazi kubwa ya wakili ni kuonyesha kwamba shauri lake linafanana na lile la zamani linalomfaa, na kwamba linatofautiana na lile lisilomfaa.

Nakupa mfululizo wa mashauri matatu ya kazi yako mwenyewe, uone jinsi kanuni inavyokua. Mwaka 1854, katika shauri la Hadley dhidi ya Baxendale, wenye kinu cha kusaga nafaka mjini Gloucester walivunjikiwa na mhimili wa injini, wakaukabidhi kwa msafirishaji aupeleke Greenwich uwe kielelezo cha kutengenezea mwingine. Msafirishaji alichelewa, kinu kikasimama, na wenyewe wakadai faida waliyoikosa. Mahakama ilisema kwamba mvunja mkataba hulipa hasara inayotokana na uvunjaji huo kwa kawaida ya mambo, au hasara ambayo pande zote mbili zingeweza kuitarajia wakati wa kufunga mkataba. Kwa kuwa msafirishaji hakuwa na sababu ya kujua kwamba kinu hakikuwa na mhimili wa akiba, faida ile haikulipwa.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1967, Malodi waliletewa shauri la meli ya Heron II, iliyokodiwa kubeba tani 3,000 za sukari kutoka Constanța, Romania, hadi Basra, Iraq. Meli ilichepuka njiani, ikachelewa zaidi ya wiki moja, na ilipofika bei ya sukari sokoni ilikuwa imeshuka. Mwenye meli alisema hakuambiwa kwamba sukari ingeuzwa mara tu itakapoteremshwa. Malodi walijibu kwamba alijua kuna soko la sukari Basra, alijua aliyekodi meli ni mfanyabiashara wa sukari, na bei za bidhaa hupanda na kushuka. Basi hasara ile ilikuwa miongoni mwa zile ambazo mtu wa kazi yake angezitarajia, na alipaswa kuilipa. Mwaka 2008 ukaja mtihani mgumu zaidi katika shauri la meli ya Achilleas. Waliokodi walichelewa kuirudisha, na mwenye meli akalazimika kuupunguza mkataba wake uliofuata kutoka dola 39,500 kwa siku hadi dola 31,500. Alidai tofauti hiyo kwa muda wote wa mkataba mpya. Malodi walimkatalia: alistahili tofauti kati ya bei ya soko na kodi ya mkataba kwa siku zilizozidi tu, na baadhi yao walitegemea desturi ya biashara ya meli, ambamo hakuna aliyefikiri kwamba mkodi huubeba mzigo wa mkataba asioujua. Kanuni hiyo ya mikataba ya meli haikuandikwa na Bunge. Kanuni ya mhimili wa kinu ndiyo iliyoamua sukari ya Basra, na ndiyo iliyofafanuliwa tena kwa Achilleas, na ndiyo itakayopima dai utakaloletewa wewe kesho kuhusu meli iliyochelewa.

Msingi wa pili ni kanuni za usawa, ambazo wanasheria huziita ekwiti. Mahakama za kale za komoni loo zilikuwa ngumu: zilitoa fidia ya fedha na si zaidi sana, na asiyekuwa na hati inayofaa aliondoka mikono mitupu. Watu kama hao walimwendea mfalme kumwomba haki, naye akawa anawaelekeza kwa Chansela, ofisa wake mkuu, na kutoka hapo ikazaliwa mahakama nyingine iliyoangalia dhamiri ya mdaiwa badala ya muundo wa hati. Mahakama hizo mbili ziligongana hadi mwaka 1616, Mfalme James wa Kwanza alipoamua kwamba penye mgongano kanuni za usawa ndizo zitakazoshinda. Sheria za mwaka 1873 na 1875 ziliziunganisha mahakama zenyewe, hivyo leo jaji yuleyule hutumia kanuni zote mbili, huku ushindi wa usawa ukibaki palepale.

Zawadi kubwa ya tawi hili kwa dunia, kwa maoni yangu, ni amana: mali kumilikiwa kisheria na mtu mmoja, yaani mdhamini, huku manufaa yake yakiwa ya mtu mwingine, na mdhamini akikatazwa kujinufaisha nayo. Mifuko ya pensheni na taasisi nyingi za hisani za Uingereza zimesimama juu ya wazo hilo. Ni kutoka hapohapo pia zinapotoka amri za zuio na amri ya kumlazimisha mtu atekeleze alichoahidi. Amri hizi si haki ya kila anayeshinda shauri. Mahakama hutoa ikiona inafaa, na anayeiomba sharti mwenendo wake mwenyewe katika jambo hilo uwe safi.

Usidhani kwamba usawa ni habari ya kale. Mwaka 1975 wenye meli iliyoitwa Mareva waliikodisha kwa watu ambao nao waliikodisha kwa serikali ya India kubebea mbolea. India ililipa kupitia benki ya London, lakini waliokodi kwanza wakaacha kuwalipa wenye meli. Kulikuwa na hofu kwamba fedha zile zingehamishwa kabla hukumu haijapatikana, na Mahakama ya Rufaa, ikiongozwa na Lord Denning, ilizuia zisitoke. Hapo awali majaji waliamini kwamba hawawezi kumzuia mdaiwa kutumia mali yake kabla ya hukumu. Amri ya kuzuia mali, ambayo leo hutumika katika mashauri ya ulaghai na ya biashara katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo, imekua kutokana na deni la kodi ya meli.

Msingi wa tatu ni Bunge. Tangu mapambano ya karne ya 17, na Hati ya Haki ya mwaka 1689, imekubalika kwamba Bunge ndilo lenye kauli ya mwisho: sheria yake huishinda hukumu yoyote, na mahakama haziwezi kuifuta. Hapa wewe uliyezoea Katiba ya Kenya ya 2010, ambayo chini yake Mahakama Kuu yaweza kutangaza sheria ya Bunge kuwa batili, utaona tofauti kubwa. Uingereza haina katiba iliyoandikwa katika hati moja. Hata chini ya Sheria ya Haki za Binadamu ya mwaka 1998, jaji akiona sheria ya Bunge haipatani na haki hizo, anachoweza ni kutangaza kwamba hazipatani na kuliachia Bunge lirekebishe. Sheria ya Umoja wa Ulaya ilikuwa na nafasi ya pekee tangu mwaka 1973. Nafasi hiyo ilikoma baada ya kujitoa mwaka 2020, ingawa kanuni zake nyingi zilibakizwa kama sheria ya ndani.

Bunge halikuharibu kazi ya majaji kila lilipogusa jambo. Mara nyingi liliikusanya tu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya mwaka 1893, ambayo Kenya iliifuata katika sheria yake, na Sheria ya Bima ya Baharini ya mwaka 1906, ambayo nayo ina mwenzake Kenya, ziliandikwa kwa kupanga kanuni ambazo tayari zilikuwa zimejengwa kwa hukumu.

Matawi yenyewe sasa yanaeleweka. Mgawanyo mkubwa ni kati ya jinai na madai. Katika jinai, taji humshtaki mtu, lengo ni adhabu, na tangu shauri la Woolmington la mwaka 1935 haina ubishi kwamba upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya maana. Makosa madogo huamuliwa na mahakama za mahakimu. Makubwa huenda mbele ya jaji na juri ya watu 12. Wizi umeelezwa katika sheria ya mwaka 1968, lakini maana ya mauaji ya kukusudia haimo katika sheria yoyote ya Bunge. Mpaka leo ni kosa la komoni loo. Katika madai, mtu humdai mwenzake, lengo ni fidia au amri, na ushahidi hupimwa kwa kuangalia upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli.

Tawi la mikataba ndilo linalokuhusu zaidi. Mkataba huhitaji pendekezo, ukubali, nia ya kufungana kisheria, na kila upande kutoa kitu cha thamani badala ya ahadi ya mwenzake. Ahadi ya bure, isipowekwa katika hati maalumu, kwa kawaida haidaiwi mahakamani. Tabia moja ya tawi hili imewavuta wafanyabiashara wa dunia nzima: majaji huyashika maneno yaliyoandikwa, na hawana kanuni ya jumla ya nia njema ya kuyalegeza. Mfereji wa Suez ulipofungwa mwaka 1956, muuzaji wa karanga za Sudan zilizopaswa kusafirishwa kutoka Port Sudan hadi Hamburg alidai kwamba mkataba wake umekufa. Mwaka 1961 Malodi walikataa: njia ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ilikuwa ndefu zaidi na ya gharama zaidi, lakini bado ilikuwa njia, na mkataba haufi kwa sababu umekuwa mzigo kwa mmoja. Ni uamuzi mkali, nami nauona ni wa haki kati ya wafanyabiashara, kwa kuwa aliyetaka kujikinga angeweza kuandika kifungu.

Tawi la madhara ya madai hushughulikia anayemdhuru mwenzake pasipo kuhitaji mkataba kati yao. Shauri lake mashuhuri, la Donoghue dhidi ya Stevenson, lilitoka Scotland: mwaka 1928 mjini Paisley mama mmoja alinunuliwa kinywaji na rafiki yake, akadai kwamba ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza. Hakuwa na mkataba na mwenye mkahawa wala na mtengenezaji. Mwaka 1932 Malodi, watatu dhidi ya wawili, waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kuchukua tahadhari kwa mtumiaji wa mwisho, na Lord Atkin akauweka wajibu huo juu ya swali la nani ni jirani yetu kisheria: yule ambaye tungepaswa kumfikiria kwamba tendo letu litamgusa. Sheria yote ya uzembe ya leo, ya barabarani, hospitalini na bandarini, hurudi kwenye hukumu hiyo.

Yapo matawi mengine ambayo nitayataja tu: ardhi, iliyopangwa upya na sheria za mwaka 1925, familia na mirathi, na kampuni, ambayo tangu shauri la Salomon la mwaka 1897 husimama juu ya kanuni kwamba kampuni ni mtu tofauti na wenye hisa zake. Sheria ya umma ni ile inayoibana serikali. Mwaka 1765, katika shauri la Entick dhidi ya Carrington, mahakama ilisema kwamba maofisa wa mfalme hawawezi kuvamia nyumba ya mtu bila kuonyesha sheria inayowaruhusu. Mwaka 2019 majaji 11 wa Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, waliamua kwamba ushauri wa waziri mkuu wa kusimamisha vikao vya Bunge ulikuwa kinyume cha sheria. Hukumu zote mbili zilitolewa kwa komoni loo, bila katiba ya maandishi.

Mwisho, sheria hii si mgeni kwako kabisa. Sheria ya Kenya inayoongoza mahakama bado inataja komoni loo, kanuni za usawa na sheria za Kiingereza za matumizi ya jumla zilizokuwapo tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri hali ya nchi na wakazi wake inavyoruhusu. Tanzania Bara tarehe yake ni 22 Julai 1920. Katika mikataba Kenya hufuata komoni loo moja kwa moja, ilhali Tanzania ilifuata mfano wa sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872. Hukumu za Kiingereza za baada ya tarehe hizo huwashawishi majaji wetu, haziwafungi. Lord Denning mwenyewe aliligusa hilo katika shauri lililohusu ada ya kuvuka daraja la Nyali, hapohapo Mombasa, na madai ya wanajeshi ya kusamehewa ada hiyo: alisema komoni loo ni kama mwaloni wa England, ambao ukihamishiwa Afrika hautabaki kama ulivyokuwa kwao, bali utastawi kwa kutunzwa na kupunguzwa matawi.

Mkataba wako wa meli, hata hivyo, hauchagui mwaloni uliohamishwa. Umechagua ule wa England, kama unavyosimama leo, pamoja na hukumu zake zote za baada ya mwaka 1897. Kwa hiyo mwenye meli akidai fidia, usitegemee hukumu ya Nairobi pekee. Tafuta msimamo wa sasa wa mahakama za London. Kisha soma kifungu kinachofuata, kwa maana kuchagua sheria si kuchagua mahali pa kudai: mikataba mingi ya kukodi meli hupeleka mgogoro kwa wasuluhishi wa London, na mara nyingi huweka muda wa kumteua msuluhishi. Kwa kawaida muda huo huanza kuhesabiwa mara unapopewa barua ya upande wa pili ya kutaka usuluhishi, hata kama mazungumzo ya kirafiki bado yanaendelea.